Tiba kama Adhabu: Hukumu ya Alan Turing na Matumizi ya Homoni Nchini Uingereza, 1952

Makala haya yanafafanua namna mahakama ya Uingereza ilivyoitumia dawa kutekeleza hukumu ya jinai, kwa kurejelea kesi ya mwanahisabati Alan Turing. Hoja inayojengwa ni kwamba kilichoitwa tiba hakikuwa na sifa za tiba. Kilipimwa kwa muda wa hukumu, na ridhaa ya mgonjwa ilipatikana chini ya tishio la gereza.

Msingi wa mashtaka ulikuwa kifungu cha 11 cha Sheria ya Marekebisho ya Sheria ya Jinai ya mwaka 1885, kilichoharamisha kwa lugha pana vitendo vya kimapenzi baina ya wanaume, hata vilivyofanyika faraghani. Ni kifungu hichohicho kilichompeleka mwandishi Oscar Wilde gerezani kwa miaka miwili yenye kazi ngumu mwaka 1895. Turing alinaswa kwa njia ya ajabu. Mwezi Januari 1952 nyumba yake ya Wilmslow ilivunjwa, naye akaenda mwenyewe polisi kutoa taarifa ya wizi. Katika mahojiano alikiri uhusiano wake na kijana mmoja wa kiume. Aliyefika kituoni akiwa mlalamikaji akageuka mshtakiwa.

Tarehe 31 Machi 1952, mjini Knutsford, alikiri kosa. Mahakama haikumfunga. Ilimweka chini ya uangalizi kwa miezi 12 kwa sharti kwamba akubali kutibiwa na daktari katika hospitali ya Manchester Royal Infirmary. Tiba yenyewe ilikuwa estrojeni, homoni ya kike, iliyotolewa kwanza kwa vidonge na baadaye kwa kipandikizi kilichowekwa mwilini.

Sayansi iliyotegemewa ilikuwa changa na yenye kujipinga. Mwaka 1938 kundi la Charles Dodds mjini London lilikuwa limetengeneza stilbestroli, estrojeni ya maabara iliyokuwa rahisi kuzalishwa. Katika miaka ya 1940, baadhi ya madaktari wa Marekani walidhani kwamba wanaume wanaowapenda wanaume wamepungukiwa homoni za kiume, wakawapa homoni hizo. Hamu iliongezeka, lakini mwelekeo wake haukubadilika. Nchini Uingereza njia ikageuzwa. Mwaka 1949 jarida la The Lancet lilichapisha makala ya F. L. Golla na R. Sessions Hodge kuhusu kuwatibu kwa homoni watu waliotiwa hatiani kwa makosa ya kijinsia. Lengo sasa lilikuwa kuizima hamu yenyewe. Kwa lugha isiyo na pazia, huko ni kuhasi kwa kemikali.

Ushahidi mzito zaidi unatoka kwa Turing mwenyewe. Katika barua kwa rafiki yake mwanahisabati Philip Hall, alieleza kwamba dawa ilitarajiwa kupunguza hamu wakati wa kuitumia, na kwamba baada ya hapo mtu alitarajiwa kurudi katika hali yake ya kawaida. Ikiwa hali ya awali itarejea dozi ikikoma, ugonjwa uliotibiwa ni upi? Dozi ilifuata kalenda ya mahakama, si dalili zozote za kitabibu. Matiti yake yalianza kuota.

Kuna jambo ambalo wasifu wake mara nyingi hulipita haraka. Mwezi Agosti 1952, mwili wake ukiwa unabadilishwa kwa kemikali, ilichapishwa makala yake kuhusu namna kemikali zinavyoweza kuzalisha maumbo katika viumbe hai, kazi ambayo wanabiolojia wanaitumia hadi leo.

Hasara nyingine ilikuwa ya kiserikali. Turing, aliyeongoza kazi ya kuvunja siri za Enigma ya jeshi la majini la Ujerumani huko Bletchley Park, alipoteza idhini ya kushughulikia siri za taifa. Guy Burgess na Donald Maclean walikuwa wametorokea Urusi mwaka 1951, na watu wa jinsi yake walionekana kuwa rahisi kutishwa na majasusi.

Turing alifariki kwa sayanidi tarehe 7 Juni 1954, akiwa na umri wa miaka 41. Uchunguzi rasmi uliamua kuwa alijiua, ingawa wapo watafiti wanaoutilia shaka uamuzi huo. Dawa ilikuwa imekoma zaidi ya mwaka mmoja kabla, hivyo kuihusisha moja kwa moja na kifo chake kunahitaji tahadhari.

Uingereza na Wales ziliondoa kosa hilo kwa sehemu mwaka 1967. Waziri Mkuu Gordon Brown aliomba radhi mwaka 2009, Malkia akatoa msamaha mwaka 2013, na sheria ya mwaka 2017 ikaueneza kwa maelfu waliohukumiwa. Wapo wazee walioukataa msamaha huo, kwa hoja kwamba anayesamehewa ni mkosaji. Wao walitaka kuombwa radhi.