SIRI YAKO ILIYOMO OFISINI

Wahenga walisema, siri ya mtungi aijuaye kata. Siku hizi siri zetu nyingi zimo katika madaftari na kompyuta za ofisi.

Hebu tuhesabu. Ofisi ya kijiji inayo majina ya watu wa nyumba yako. Zahanati inayo habari ya ugonjwa wako. Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, yaani NIDA, inazo alama za vidole vyako, na imekupa namba yenye tarakimu 20. Nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa.

Je, ni vibaya? Hapana. Serikali haiwezi kupanga dawa wala madarasa bila kuwajua watu wake. Ubaya ni siri kutoka nje. Tuseme mama mmoja anatumia dawa za Virusi vya UKIMWI. Karani anamnong'oneza rafiki yake. Jioni habari ziko kilabuni. Mama anaona haya, haendi tena kuchukua dawa. Mnong'ono ule unaweza kumuua.

Ndiyo maana mwaka 2022 Bunge la Tanzania lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ilianza kutumika tarehe 1 Mei, 2023. Ofisi ichukue habari zile tu inazozihitaji. Izitumie kwa kazi iliyokuambia. Izitunze zisivuje. Wewe nawe una haki ya kujua wameandika nini, na makosa yasahihishwe. Ukidhulumiwa, peleka malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Lakini sheria haifungi kabati yenyewe. Tufanye hivi:

1. Uliza: "Habari hizi ni za kazi gani?" Kuuliza si utovu wa adabu.

2. Usiweke kidole kwenye mashine bila kujua sababu. Tapeli anaweza kusajili laini ya simu kwa jina lako. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako.

3. Wewe kiongozi, daftari lifungie. Na mdomo pia.

Zamani tulipiga dole gumba kwenye karatasi tusizoweza kuzisoma. Sasa tunajua kusoma. Basi tusome kwanza, ndipo tutie sahihi.

MASWALI YA KUJADILI

1. Daftari la kijiji chetu linatunzwa wapi? Nani ana ufunguo?

2. Ukisikia karani anatoa siri ya mgonjwa, utafanya nini?