Perovskaiti Mseto ya Matabaka: Jina na Maana Yake

Jina la kitaalamu likipotosha, mwanafunzi hupotea kabla ya somo kuanza. Makala haya yanapendekeza istilahi ya aina ya fuwele ambazo wataalamu wanazichunguza kwa ajili ya vigunduzi vya eksirei, yaani vifaa vinavyoipokea mionzi hiyo baada ya kupita mwilini.

Tuanze na kitu tukijuacho. Huko Makanya, wilayani Same, chini ya Milima ya Upare, huchimbwa jasi. Fuwele ya jasi imepangwa kwa matabaka: la kalsiamu na salfeti, kisha la maji, kisha tena la kalsiamu na salfeti. Ndiyo sababu hubanduka kwa urahisi mithili ya kurasa za kitabu.

Fuwele tunazozizungumzia zina mpango unaofanana na huo. Jina perovskaiti lilitolewa mwaka 1839 na Gustav Rose, kwa heshima ya Lev Perovski wa Urusi, kwa madini yaliyopatikana katika Milima ya Ural. Leo jina hilo hutumika kwa jamii nzima ya fuwele zenye umbo hilo. Katika zile za matabaka, tabaka moja ni la madini ya risasi na iodini, na linalofuata ni la molekuli za kaboni.

Kila tabaka lina kazi yake. Atomu nzito hunasa eksirei vyema. Namba ya atomu ya risasi ni 82 na ya iodini ni 53, ilhali ya seleni, ambayo tayari hutumika katika baadhi ya mashine za kupima matiti, ni 34 tu. Eksirei ikinaswa, elektroni huachiliwa, na umeme huo mdogo ndio unaofanywa picha. Kadiri kigunduzi kinavyonasa vyema, ndivyo mgonjwa anavyohitaji mionzi michache zaidi.

Tabaka la kaboni nalo ni kizuizi. Wapare hukusanya maji katika malambo yaitwayo ndiva, wakayafungulia mashambani kwa zamu. Ndiva ikivuja, zamu huharibika. Vivyo hivyo, kigunduzi kinachovuja umeme kabla ya kufikiwa na eksirei huitia picha dosari. Tabaka la kaboni hupunguza uvujaji huo. Lakini likiwa nene mno, huuzuia hata umeme unaotakiwa. Basi ustadi wa mbunifu umo katika kuchagua urefu wa molekuli na idadi ya matabaka mazito baina yake. Tena, kwa kuwa risasi ni sumu, wengine hujaribu bismuthi, yenye namba 83.

Je, tuziite chotara au mseto? Katika mahindi chotara, sifa za wazazi wawili huungana katika mbegu moja, wala huwezi kumtenga huyu na yule. Katika kilimo mseto, kama kile cha miteremko ya Upare, mgomba, mbuni na mti mkubwa husimama pamoja, kila mmoja mahali pake na kwa faida yake. Fuwele zetu zafanana na shamba hilo. Kwa hiyo twapendekeza perovskaiti mseto ya matabaka: jina linalomwonyesha msomaji vitu viwili vilivyokaa pamoja bila kupoteana, na namna vilivyopangwa.