Kibao cha Duka na Njia ya Watu Wote

Katika nchi ya chai, yaani Kericho na Bomet, mwezi wa Oktoba hungojewa kwa hamu. Wakulima wadogo wanaopeleka majani yao katika viwanda vinavyosimamiwa na KTDA hulipwa kila mwezi kwa uzito wa majani. Kisha, hesabu za mwaka zikiisha kufungwa mwisho wa Juni, hungojea malipo ya pili ambayo kila mtu huyaita bonasi. Bonasi ikikaribia, wenye maduka wa Litein, Kapkatet, Silibwet na Kapsoit hujiweka tayari. Mmoja hutundika kitambaa chenye herufi kubwa kutangaza bei ya mabati. Mwingine husimamisha kibao cha mbao mbele ya duka la viatu. Wa tatu hufunga bango lake juu ya nguzo ya umeme.

Kutangaza biashara si kosa. Wazee walisema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini duka jipya lililo nyuma ya soko, lisilo na kibao, nani atalijua? Hata hivyo, kila mwenye duka ajiulize maswali mawili kabla ya kumwita fundi wa kuandika: Je, kibao hiki kitasimama juu ya ardhi ya nani? Tena, ni nani mwenye haki ya kutoa ruhusa?

Jambo hili si geni. Baraza la Wilaya la Waafrika lililoanzishwa kwa sheria ya 1950, wakati Bomet ilipokuwa bado sehemu ya Wilaya ya Kericho, lilikuwa na uwezo wa kutunga sheria ndogo ndogo. Baada ya Uhuru kazi hiyo ilishikwa na mabaraza ya miji na ya wilaya mpaka 2013, zilipoanza serikali za kaunti. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya kusimamia matangazo ya nje, na pia masoko na leseni za biashara. Kwa hiyo, anayetaka kutundika bango, hata kwa siku chache tu, na aanzie katika ofisi ya kaunti iliyo karibu naye. Asidhani kwamba leseni ya duka inatosha, wala asidhani kwamba kitambaa si kibao kwa sababu kitaondolewa baada ya wiki moja.

Lakini sheria hukata pande mbili. Kifungu cha 210 cha Katiba kinasema kwamba hakuna kodi wala ada ya leseni itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa. Kwa kaunti, ada hizo huwekwa katika Sheria ya Fedha inayopitishwa na Bunge la Kaunti. Basi, mwenye kibanda akiambiwa alipe, ana haki ya kuuliza kwa adabu: ada hii imeandikwa wapi, ni ya muda gani, na risiti iko wapi? Pesa inayotolewa bila risiti haimlindi mtu. Kesho akija afisa mwingine, mwenye duka hatakuwa na neno la kujibu, na bango lake litashushwa kana kwamba hakulipa kitu.

Tena, Kifungu cha 196 kinalitaka Bunge la Kaunti liwashirikishe wananchi katika kazi zake za kutunga sheria. Wenye maduka wengi husikia habari za mkutano wa namna hiyo wakasema hawana nafasi. Matokeo yake ni kwamba mtu mwenye meza moja ya viazi anaweza kukuta kitambaa chake kimewekwa katika fungu moja na bango kubwa la chuma la kampuni. Asiyekwenda kusema alipoulizwa, atalalamika kwa nani?

Jambo la pili ni barabara. Njia itokayo Nakuru kupitia Kericho kwenda Kisumu, na ile itokayo Narok kupitia Mulot na Bomet mpaka Kaplong, ni barabara kuu zinazosimamiwa na KeNHA. Ukanda wa ardhi ulio kando yake huitwa hifadhi ya barabara, na ruhusa ya kaunti peke yake haitoshi kusimamisha kitu hapo. Wengine huona kwamba amri hii ni ya kuwaonea maskini. Na wakumbuke jioni ya Ijumaa, Juni 30, 2023, katika njia panda ya Londiani. Lori lililobeba kontena liliacha barabara, likagonga magari mengine, wenye pikipiki, abiria na wachuuzi waliokuwa kando ya njia. Watu zaidi ya 50 walikufa. Si kibao kilicholeta msiba huo. Lakini uliwaonyesha watu wote jinsi nafasi iliyo kando ya barabara ilivyo ya hatari. Kibao kilichosimamishwa hapo humwita mnunuzi asimame mahali ambapo hapafai kusimama, na kikiwa kwenye kona humficha mtoto anayevuka asionekane na dereva.

Yako pia mambo madogo yenye faida. Kericho ni nchi ya mvua za alasiri na mvua ya mawe. Kitambaa kilichofungwa vibaya huloa, hukatika kamba, kikaangukia njiani. Kupanda nguzo ya umeme katika hali hiyo ni kucheza na kifo. Mahali palipo salama kuliko pote ni ukuta wa duka lenyewe, kwa idhini ya mwenye nyumba. Na anayepewa bango la bure na kampuni aangalie kwanza linatangaza nini, kwani tangu Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 matangazo ya sigara yamekatazwa.

Mwenye duka mwenye busara huomba ruhusa mapema, hulipa kwa risiti, huandika tarehe ya kutundika na tarehe ya kushusha, na siku ikifika hushusha bango lake mwenyewe bila kungoja kuamriwa. Risiti na kibali huviweka pamoja na daftari la hesabu, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari.