Ngoma, Dansi na Maonyesho: Istilahi katika Vibali vya Sanaa

Miongoni mwa maswali yanayotufikia mara kwa mara kutoka kwa wafasiri, walimu na maofisa utamaduni, limo moja linaloonekana dogo nalo si dogo: neno la Kiingereza "dance" lifasiriwe ngoma au dansi? Muulizaji aghalabu hutaka neno moja tu la kujazia pengo katika fomu, muhtasari wa masomo au sheria ndogo. Katika makala haya tutajaribu kueleza kwa nini hatuwezi kumpa neno moja, na ni nani hupata hasara neno moja linapolazimishwa.

Tuanze na kisa. Tulipokuwa tukikusanya maneno ya sanaa katika mitaa ya pembezoni mwa Temeke, tulionyeshwa fomu ya kuombea kibali. Ofisi iliyoitoa hatutaitaja. Fomu hiyo ilikuwa imefasiriwa kutoka Kiingereza, na penye aina ya shughuli mwombaji aliachiwa achague kati ya "dansi" na "maonyesho". Akina mama waliokuwa wakijiandaa kumcheza mwali waliliacha "maonyesho", kwa kuwa maonyesho kwao ni yale ya Sabasaba, wakaitia alama "dansi". Karani, ambaye hatuwezi kumlaumu kwa kusoma alichoandikiwa, akawatoza ada ya kumbi za starehe na kuwataka waeleze kiingilio ni shilingi ngapi. Kungwi wao alituuliza kwa utulivu: ngoma isiyo na mlango itakuwaje na kiingilio?

Swali la kungwi huyo ndilo kiini cha jambo. Ngoma kwanza ni chombo cha kupigwa, na kwa maana hiyo neno hili tunashirikiana na ndugu zetu wengi wa lugha za Kibantu. Katika Kinyarwanda ingoma ni chombo hicho na pia ni utawala wa mfalme. Katika Kizulu ingoma ni wimbo. Katika Kiswahili jina la chombo limeenea hadi kwa wimbo unaoimbwa nacho, uchezaji unaoufuata, watu waliokusanyika na shughuli yenyewe iliyowakusanya. Mwali akiwa unyagoni husemwa yumo ngomani. Mgonjwa wa pepo hupigiwa ngoma yake. Hata mjini neno halijachoka kuzaa: vijana huita ngoma wimbo uliorekodiwa studio, na mashindano yasiyopata mshindi huitwa ngoma droo. Mfasiri anayeandika "ngoma" akidhani ametaja mwendo wa viungo tu, ametaja mengi kuliko alivyokusudia.

Dansi ni mgeni wa karne iliyopita. Ilikuja na kumbi, gitaa na tarumbeta, na kufikia miaka ya 1930 bendi za jazi zilikuwa zimekwisha kuundwa Dar es Salaam. Dansi ina ukumbi, ina bendi, ina mlango, na mlangoni yupo mtu wa kukata tiketi. Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kusema ngoma ni ya uani na dansi ni ya ukumbini. Lakini wenye dansi wenyewe hawakukubali mgawanyo huo. Bendi ya NUTA, iliyoanzishwa mwaka 1964 na baadaye kuitwa JUWATA na kisha OTTU, leo inajulikana kwa jina la Msondo Ngoma. Na msondo ni ngoma ndefu ipigwayo katika unyago. Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, ilijitambulisha kwa jina la Sikinde, ambalo ni la ngoma ya Wazaramo. Bendi mbili kubwa za dansi zimejitafutia heshima katika jina la ngoma. Kwa hiyo ala pekee haitoshi kutenganisha maneno haya mawili. Mfasiri atazame shughuli: imeitishwa na nani, kwa ajili ya nani, na kama kuna anayeuziwa kuitazama.

Hapa inaingia istilahi ya tatu, sanaa za maonyesho. Imezoeleka vyuoni, na kitabu cha Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, Fasihi na Sanaa za Maonyesho, kilichapishwa mwaka 1976. Nayo ina sababu ya kuwapo. Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana ilipoundwa mwaka 1962, na kikundi cha ngoma cha taifa kikafuata katika miaka hiyo hiyo ya 1960, ngoma ilipandishwa jukwaani. Duara lilifunguliwa likawa mstari unaowaelekea watazamaji, na ngoma ya kukesha ikafupishwa iwe ya dakika chache. Sindimba ya Wamakonde iliyochezwa hivyo ni onyesho kwa haki kabisa, kama ilivyo ngoma ichezwayo leo kwa wageni katika Kijiji cha Makumbusho, Kinondoni. Sindimba ichezwayo na Wamakonde wenyewe Mbagala katika shughuli yao haimwonyeshi mtu chochote.

Tatizo la "maonyesho" ni kwamba linabeba pia bidhaa, michoro na vinyago. Baadhi ya wafasiri, wakilikimbia, wameandika "sanaa za utendaji". Hatuwashauri. Raia wa kawaida anamjua Mtendaji wa Kata, naye ndiye atakayemkuta akifuatilia kibali chake. Sanaa za utendaji atazidhania ni maarifa ya ofisi ile.

Majina ya watu yanataka uangalifu pia. "Mchezaji" likisimama peke yake, msomaji wa Temeke ataona kandanda. "Mnenguaji", linalotumiwa kwa wachezaji wa jukwaani wa bendi, linamtaja mtu kwa kiuno chake. Gazetini linapita, katika mkataba wa ajira halifai. Tunapendekeza mcheza ngoma na mcheza dansi. Na kabla ya kuandika "mpiga dramu" kwa kila apigaye ngoma, mfasiri akumbuke kwamba lugha yetu inaye sogora, fundi wa kupiga ngoma, na manju, anayetunga na kuongoza nyimbo za ngoma. Maneno haya yamo kamusini. Tunashangaa yanavyoachwa humo.

Kwa fomu za vibali, basi, tunapendekeza mistari mitatu: ngoma ya shughuli, yaani ya arusi, unyago, jando au tambiko; dansi, penye ukumbi na kiingilio; na onyesho la jukwaani, liwe la ngoma, la maigizo au la sarakasi.

Bado mchiriku na singeli vinatusumbua. Hupigwa kwa kinanda cha umeme au kompyuta na vipaza sauti, lakini uwanjani, mara nyingi katika arusi, na bila kiingilio. Kwa kipimo tulichotoa, singeli ya arusini ni ngoma. Tunajua maofisa wengine watapinga, hasa wanaopokea malalamiko ya kelele za vigodoro usiku kucha. Lakini kelele ni suala la saa na sauti, na amri inayokataza "ngoma za usiku" ili kuzuia vipaza sauti humkamata pia kungwi asiye na kipaza sauti. Wasomaji wa Mwananyamala, Tandale, Tandika na Mbagala wanaosikia wapigaji wenyewe wakiziita kazi zao kwa majina mengine, watuandikie.