Msafiri Asiiache Nguvu Yake Nyumbani

Wazee wa zamani walisema kwamba mtembezi hula miguu yake. Walisema kweli, kwa maana siku zile safari ilikuwa ni miguu yenyewe, na mtu aliyetoka bara hata pwani alifika amekonda, lakini misuli yake ilikuwa imara. Siku hizi mambo yamegeuka. Msafiri hukaa kitini toka alfajiri hata magharibi, na miguu yake haina kazi ila kuvimba. Akifika aendako hukaa tena, ama katika kiti cha ofisi, ama cha semina, ama cha jamaa waliomkaribisha. Siku ya kurudi huja na mzigo ambao hakuondoka nao, nao ni uzito na uvivu wa mwili.

Watu wengi hudhani kwamba jambo hili haliepukiki. Husema kwamba mazoezi ni ya nyumbani, na safari ni safari. Mawazo hayo si sawa, na yafaa yachunguzwe vizuri, kwani afya nyingi zimeharibika kwa ajili yake.

KARANI NA MKULIMA

Tutazame kwanza habari za karani. Akiwa kwake, amezoea kutembea nusu saa asubuhi kwenda kazini na nusu saa jioni kurudi, na Jumamosi hucheza mpira pamoja na wenzake. Kisha huitwa kwenda kusoma mafunzo ya majuma mawili katika mji mwingine. Huko hulala na kusoma katika jengo moja. Saa nne huletwa chai na mandazi, saa saba wali na nyama, saa kumi chai tena. Jioni hukaa na wenziwe kuzungumza. Moyoni husema, "Nikirudi nyumbani nitaanza tena." Lakini akirudi hukuta kazi imelundikana mezani, na juma la kwanza hupita, na la pili. Mwezi ukiisha, desturi ile njema imekwisha kufa, wala hakuna siku aliyokusudia kuiua.

Mkulima naye ana safari yake. Mzee aliyezoea jembe na ndoo za maji huenda Nairobi kumtembelea mwanawe. Watoto, kwa upendo na heshima, hawamruhusu kushika hata ufagio. "Baba, kaa upumzike," ndilo neno la kila saa. Mzee hupumzika majuma matatu. Akirudi shambani huona jembe limekuwa zito, mgongo unamuuma, na kilima alichokuwa akikipanda bila kusimama sasa kinamkata pumzi. Husema uzee umefika. Kumbe mara nyingi si uzee, bali ni kile kiti cha majuma matatu.

Wataalamu wamekwisha kupima jambo hili. Katika mwaka wa 1984 huko Marekani, Edward Coyle na wenzake walitoa habari za wanamichezo wenye mazoezi mengi ambao waliacha kabisa kujizoeza. Walipima uwezo wa miili yao kutumia hewa ya oksijeni wakati wa kazi ngumu kabisa, uwezo ambao ndio kipimo cha pumzi ya mtu. Katika majuma matatu ya kwanza tu uwezo huo ulipungua kadiri ya sehemu 7 katika kila 100. Baada ya majuma 12 ulikuwa umepungua sehemu 16 katika kila 100. Basi mwili haungoji miaka ili upungukiwe. Huanza kupungua mara moja.

DEREVA NA KONDAKTA WA LONDON

Kwamba kukaa sana kuna madhara si habari ya jana. Katika mwaka wa 1953 daktari mmoja wa Uingereza, Jeremy Morris, pamoja na wenzake, walitangaza uchunguzi walioufanya juu ya wafanyakazi wa magari ya abiria ya London. Mabasi ya mji ule yalikuwa na orofa mbili. Dereva alikaa kitini siku nzima, lakini kondakta alipanda na kushuka ngazi mara nyingi akidai nauli. Watu hawa wawili walisafiri katika gari moja, njia moja, saa zile zile. Lakini ilionekana kwamba makondakta walipatwa na ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva, na waliopatwa, kwa kawaida ulikuja wakiwa na umri mkubwa zaidi.

Madaktari hao waliwatazama pia watu wa posta. Wapeleka barua, waliokwenda kwa miguu au kwa baiskeli, walikuwa na hali njema kuliko makarani na wapokeaji wa simu waliokaa ofisini. Makarani wanaosoma habari hii yafaa wayatie mambo hayo maanani.

Kweli wako waliouliza swali la haki: je, labda watu wanene ndio waliochagua kazi ya udereva tangu mwanzo? Morris na wenzake wakaenda kutazama vipimo vya nguo za kazi, na katika mwaka wa 1956 walieleza kwamba suruali za madereva zilikuwa pana kiunoni kuliko za makondakta. Kwa hiyo swali lile lilikuwa na maana. Lakini miaka mingi ya uchunguzi katika nchi nyingi na kazi nyingi imethibitisha neno lenyewe, kwamba mwili unaotembezwa hujikinga na ugonjwa wa moyo.

MAZOEZI YA DAKIKA 11

Msafiri atajibu, "Nimekubali, lakini nitafanyaje? Chumba cha kulala wageni ni kidogo, sina uwanja wala vyombo." Jibu la swali hili lilipatikana zamani katika nchi ya Kanada. Jeshi la anga la nchi ile lilikuwa na vituo vya mbali huko kaskazini, penye theluji na baridi kali, ambako askari hawakuwa na nyumba ya michezo. Mwalimu wa elimu ya mwili jina lake Bill Orban alipewa kazi ya kutunga mazoezi yatakayofanyika mahali popote. Mwishoni mwa miaka ya 1950 jeshi hilo lilitoa kitabu kidogo chenye mazoezi matano, yote yakichukua dakika 11 tu, bila ya chombo chochote.

Mazoezi yenyewe ni haya. La kwanza ni kusimama, kuinama hata kugusa vidole vya miguu, kisha kujinyosha juu, kwa dakika 2. La pili ni kulala chali na kuinua kiwiliwili, dakika 1. La tatu ni kulala kifudifudi na kuinua kichwa na miguu, dakika 1. La nne ni kulala kifudifudi na kujisukuma juu kwa mikono, dakika 1. La tano ni kukimbia papo hapo pasipo kwenda mbele, na kurukaruka kidogo katikati, dakika 6. Mtu huanza na daraja iliyo nyepesi, na kila akiiweza hupanda daraja nyingine. Dakika haziongezwi. Linaloongezwa ni idadi ya mara na ugumu wa zoezi. Wanawake nao walitungiwa yao kumi, ya dakika 12.

Ndiyo kusema kwamba uwanja unaohitajiwa na msafiri ni sawa na upana wa mkeka mmoja.

KIASI GANI CHATOSHA

Hapa ndipo penye jambo kubwa ambalo wengi hawalijui. Msafiri halazimiki kufanya yote aliyokuwa akiyafanya nyumbani. Kujenga nguvu ni kazi kubwa, lakini kuihifadhi iliyokwisha kujengwa ni kazi ndogo.

Katika miaka ya 1981 hata 1985, mtaalamu Robert Hickson na wenzake huko Chicago, Marekani, walitangaza majaribio yao. Walichukua watu na kuwazoeza kwa bidii dakika 40 kwa siku, siku 6 kwa juma, muda wa majuma 10. Baadaye walipunguza mazoezi kwa majuma 15. Wengine walipunguziwa siku, zikawa 4 au 2 kwa juma. Uwezo wao wa kutumia oksijeni haukupungua. Wengine walipunguziwa dakika, zikawa 26 au 13 kwa siku. Nao uwezo huo ukabaki, ingawa wale wa dakika 13 walipungukiwa kidogo katika kazi ya kuvumilia muda mrefu. Lakini wale waliopunguziwa ugumu wa zoezi, wakawa wakilifanya polepole, walipoteza sehemu ya nguvu zao ijapokuwa siku na dakika zilikuwa zile zile.

Mafundisho yake ni wazi. Safarini, mtu na apunguze siku, na apunguze dakika, lakini zile chache azifanye kwa bidii hata pumzi imwende mbio. Robo saa ya kazi ya kweli inatosha kumrudisha nyumbani akiwa mtu yule yule aliyeondoka.

Shirika la Afya Duniani, katika mashauri yake ya mwaka 2020, linataka watu wazima wapate dakika 150 hata 300 kwa juma za mwendo wa wastani, kama kutembea kwa haraka, au dakika 75 hata 150 za kazi ngumu, na siku mbili kwa juma za kukaza misuli. Shirika hilo limesema pia kwamba kila mwendo una faida, hata ukiwa mfupi. Kwa hiyo msafiri asidharau ngazi wala dakika tano za kutembea.

HATARI YA SAFARI NDEFU

Liko jambo jingine linalohusu njia yenyewe. Mtu akikaa saa nyingi bila ya kunyosha miguu, damu huenda polepole katika mishipa ya miguu, na pengine huganda. Donge la damu likiondoka mguuni na kufika katika mapafu, laweza kuua. Katika mwaka wa 2007 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hatari hii huongezeka kadiri ya mara mbili kwa safari ya saa 4 au zaidi, iwe ni ya ndege, gari moshi, basi au motokaa. Hofu isizidi kiasi, kwani kwa mtu mwenye afya hutokea kama mara moja katika watu 6,000. Lakini dawa ya kujikinga ni rahisi nayo haina gharama.

Msafiri aliye kitini na ainue visigino na kuvishusha, kisha ainue vidole na kuvishusha, mara 20 kwa kila nusu saa. Basi la kwenda Mombasa likisimama Mtito Andei, asibaki ndani akisinzia. Na ashuke, atembee, kisha ndipo anunue chakula. Na anywe maji ya kutosha. Akiona baada ya safari kwamba mguu mmoja umevimba na kuuma, au akishikwa na kichomi na kukosa pumzi kwa ghafula, asingoje hata kesho. Aende hospitali mara moja.

MASHAURI KWA MSAFIRI

Kwanza, atie viatu vya kutembelea katika mzigo kabla ya nguo nyingine. Viatu vikibaki nyumbani, nia nayo hubaki.

Pili, achague saa ya asubuhi, kabla ya kunywa chai. Jioni ya ugenini haina mwenyewe, maana wenyeji na marafiki huigawanya.

Tatu, akitaka kukimbia au kutembea mjini asikokujua, amwulize mwenyeji au mlinzi njia iliyo salama, asubiri kupambazuke, na aende akitazama magari yanayomjia. Pasipo na njia njema, mazoezi ya chumbani yatosha.

Nne, aliye mgeni wa jamaa asione haya kuomba kazi. Mzee akisema, "Mwanangu, nionyesheni duka, nitakwenda mwenyewe kununua maziwa," hajivunjii heshima. Na mtoto mwenye busara ampe baba yake ruhusa hiyo, au afuatane naye jioni kutembea. Huko ndiko kumpenda mzazi kwa kweli.

Tano, mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye maumivu ya kifua, mama mjamzito, na mtu aliyekaa miaka mingi bila ya mazoezi, wamwone daktari kwanza, na waanze polepole.

Sita, siku ya kurudi nyumbani, asubuhi yake ifuatayo isipite bure. Uchovu wa njia ukiwa mwingi, na atembee robo saa tu. Desturi nyingi hazifi safarini, bali hufa katika juma lile la kwanza la kurudi, wakati mtu anapojiambia kwamba ataanza Jumatatu.

Haba na haba hujaza kibaba. Karani aliyefanya dakika zake 11 kila asubuhi kwa majuma mawili ya mafunzo atapanda ngazi za ofisi yake kama alivyozoea. Na mzee aliyekwenda dukani kwa miguu kila siku atakaporudi shambani, ataliona jembe lake lina uzito ule ule aliouacha.