Kabla ya kusaini mkopo, uliza: napokea ngapi, narudisha ngapi?

Wasikilizaji wetu wengi hutuuliza: mbona mkopo uliotangazwa kuwa na riba ndogo unakomba mfuko wote? Mara nyingi jibu halipo kwenye riba. Lipo kwenye makato: ada ya fomu, ada ya huduma, bima, faini ya kuchelewa.

Tupige hesabu ya mfano. Umeomba shilingi 100,000 kwa mwezi mmoja, riba asilimia 3.5. Mkopeshaji anakata 15,000 za "fomu na huduma", unaondoka na 85,000. Mwisho wa mwezi unarudisha 103,500. Umelipa 18,500 ili utumie 85,000. Hiyo ni karibu asilimia 22 kwa mwezi, siyo 3.5. Ndiyo maana mitaani mikopo ya namna hii inaitwa kausha damu.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inataka kampuni na watu wanaofanya biashara ya kukopesha wawe na leseni. Benki Kuu ya Tanzania (BoT) imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wasiopokea amana. Lakini ukomo wa riba haukusaidii sana kama ada zimefichwa. Kwa hiyo Kanuni za BoT za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinataka riba, ada na makato yote viwekwe wazi kabla hujasaini.

Kukopa kwa simu nako kunasimamiwa. Novemba 2024, BoT ilipiga marufuku programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali.

Ufanye nini?

- Omba kuona leseni, au angalia jina la mkopeshaji kwenye tovuti ya BoT.
- Dai maandishi yenye namba mbili: fedha utakayopokea mkononi na jumla utakayorudisha.
- Usisaini karatasi yenye nafasi zilizoachwa wazi. Ondoka na nakala yako.
- Mkopo wa simu? Usifute meseji zake.

Ukikatwa fedha ambayo hukuelezwa, anza kwa kumlalamikia mkopeshaji kwa maandishi. Asipokusikiliza, peleka malalamiko BoT. Ina matawi Arusha, Mwanza, Mbeya, Dodoma na Mtwara.

Mkopeshaji akigoma kukuandikia namba hizo mbili, msikilizaji, aga uende zako.