"Ana Mawazo Tu"

Katika maabara nyingi za mji wetu, kuanzia Ngarenaro hadi Kijenge, hakosekani mtu aliyekwisha kupimwa malaria mara tatu na taifodi mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Analalamikia kichwa, mgongo, moyo kwenda mbio na usingizi unaokatika saa tisa usiku. Vipimo havionyeshi kitu. Anarudi nyumbani na vidonge vya kutuliza maumivu, na jamaa zake wanamaliza shauri kwa kusema: "Ana mawazo tu."

Taabu ipo katika hilo "tu". Kuwa na mawazo si ugonjwa. Mfanyabiashara wa Kilombero aliyepata hasara ana mawazo, na mzazi anayetafuta ada Januari ana mawazo. Lakini ipo hali ambayo wataalamu wanaiita sonona. Mtu huwa na huzuni, au hukosa raha katika yale yaliyokuwa yakimfurahisha, karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi. Usingizi unaharibika, hamu ya chakula inabadilika, uchovu hauishi hata akipumzika, na anajiona mzigo kwa wenziwe. Hata ile fedha aliyokuwa akiiwazia ikipatikana, hafurahi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 280 duniani walikuwa na sonona.

Jirani wa sonona ni wasiwasi uliopita kiasi. Wapo wanaokimbizwa hospitali usiku wakiamini kwamba moyo unasimama: jasho linawatoka, viganja vinakufa ganzi, pumzi zinapungua. Mara nyingi huwa ni shambulio la hofu, ambalo hufika kileleni kwa dakika chache kisha hushuka lenyewe. Kutoa pumzi taratibu, polepole kuliko ulivyoivuta, husaidia. Hata hivyo, mara ya kwanza nenda ukapimwe moyo, usijiamulie mwenyewe.

Kwa nini basi watu hawaendi kutibiwa? Jibu moja ni Mirembe. Hospitali ile ya Dodoma imegeuzwa tusi. Watoto wanatishiana nayo shuleni, na watu wazima wanachekana nayo kijiweni. Matokeo yake, mtu akitajiwa ugonjwa wa akili, anachokiona ni yule anayeokota makopo barabarani. Ukweli ni kwamba wengi wenye sonona na wasiwasi wanaamka, wanavaa vizuri, wanafungua duka, na hawatahitaji kulazwa popote.

Jibu la pili linahusu desturi zetu, na hapa naomba tutulie kidogo. Tarehe 6 Mei 2017 basi la Shule ya Msingi Lucky Vincent lilitumbukia korongoni Rhotia, Karatu. Wakafariki wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Arusha ilijaa katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid kuwaaga watoto wale, na hakuna aliyethubutu kuwaambia wazazi kwamba wana mawazo tu. Msiba tunaujua. Tunakuja, tunakaa, tunapika, tunalala palepale. Machozi ya wiki zile na kukosa usingizi si ugonjwa. Ni huzuni, na kukaa na watu ni dawa yake kubwa.

Sonona haina jeneza. Hakuna turubai linalofungwa uani. Mwaka 2020, maradhi ya UVIKO-19 yalipofunga viwanja vya ndege duniani, waongoza watalii, madereva na wapagazi wa Mlima Meru na Kilimanjaro walikaa nyumbani miezi mingi. Mtu aliyekuwa akisomesha wadogo zake akawa anamwomba mkewe fedha ya vocha. Nani alikwenda kumkalia matanga ya kazi yake? Tulimkuta baa, tukamnunulia nyingine.

Pombe ndiyo dawa ambayo wanaume wa mji huu hujiandikia wenyewe, na ni dawa mbaya. Inalaza haraka, kisha inamwamsha mtu alfajiri akiwa na hofu zaidi ya jana yake. Serikali ilipiga marufuku pombe za viroba tarehe 1 Machi 2017, lakini gongo haina kiwanda cha kufungwa. Vidonge vya diazepamu, ambavyo wengine hujinunulia ili wapate usingizi, navyo hujenga mazoea ambayo kuyaacha ni vita nyingine.

Dawa halisi za sonona, kama amitriptilini na fluoksetini, ni jambo jingine. Haziondoi fahamu wala hazimgeuzi mtu zezeta. Kasoro yake ni kwamba huchukua wiki mbili hadi nne kuanza kufanya kazi, na wengi huziacha siku ya tano wakisema hazifai. Wengine huziacha wakishapata nafuu, ilhali kwa kawaida daktari hutaka ziendelee miezi sita au zaidi. Anayekwenda kwenye maombi aendelee kwenda. Hakuna anayelazimika kuchagua kati ya maombi na dawa.

Kwa wengine mazungumzo yaliyopangwa yanatosha. Nchini Zimbabwe wanalo neno la Kishona, kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi; ndiyo haya "mawazo" yetu. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda wa Harare alianza kazi na akina bibi 14 wa kitongoji cha Mbare. Aliwafundisha kukaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, kumsikiliza, kisha kuchagua naye tatizo moja la kuanza nalo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa na bibi hao walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Sisi bibi tunao, na benchi tunazo.

Kuna jambo ambalo haliwezi kusubiri. Mtu akianza kusema kwamba heri asingekuwepo, au akigawa vitu vyake bila sababu, muulize wazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimtii wazo kichwani. Mara nyingi humpunguzia mzigo. Usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Na kwa wakulima wa nyanya na kahawa kutoka Tengeru hadi Ngaramtoni: sumu za kupulizia zitoke chumba cha kulala, zifungiwe kwa ufunguo. Familia nyingi hunyamaza kwa kuogopa polisi, maana Kanuni ya Adhabu tangu enzi za mkoloni imelihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Kule Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha namna hiyo kinapingana na katiba yao.

Ukifika Hospitali ya Mount Meru, au kituo cha afya kilicho karibu nawe, usianze na kichwa wala mgongo, maana utarudishwa maabara. Mwambie tabibu umelala saa ngapi wiki hii, ni lini mara ya mwisho ulifurahia kitu, na hali hii ina wiki ngapi. Kama unakunywa, sema unakunywa kiasi gani. Na kama una mtu anayekujua vizuri, ingia naye chumbani. Huenda akakumbuka siku ulipoanza kubadilika.